Waya wa Katikati: Njia ya Mkato Inayomaliza Betri za Malori

Pita siku yoyote kwenye foleni ya malori Tunduma, Kasumbalesa au Malaba, kisha chungulia kisanduku cha betri ubavuni mwa chesisi. Utakuta betri mbili kubwa zilizounganishwa kwa kipande kimoja cha waya mnene. Kwenye malori mengi, juu ya kiungo hicho utaona pia waya mwembamba, mara nyingi mwekundu, umezungushwa kwenye nati na kupanda hadi kebini. Huo ndio unaolisha redio, feni, runinga ndogo na chaja za simu. Haumo kwenye mchoro wa kiwanda. Ulifungwa na fundi wa njiani kwa muda mfupi na kwa malipo madogo, na ulipofungwa kila kitu kiliwaka.

Kwa kuwa kila kitu kiliwaka, hakuna anayeushuku. Miezi inapita. Betri moja inakauka maji kila wiki, nyingine haishiki chaji, na alfajiri moja lori linagoma kuwaka huku mzigo ukisubiriwa. Hapo lawama hutafutiwa pa kuangukia: betri ni feki, alteneta imechoka, dereva amepiga muziki usiku kucha. Waya mwekundu unabaki palepale, na betri mpya zinapofungwa unarudishwa juu yake.

Makala haya yanatetea jambo moja. Dereva wa safari ndefu anahitaji umeme wa volti 12 ndani ya lori la volti 24, na hitaji hilo ni halali kabisa. Lakini umeme huo usichotwe kwenye betri moja kati ya mbili. Upatikane kwa kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, na gharama yake iwe ya mwenye lori.

Kwa nini lori lina volti 24

Injini ya dizeli haina plagi za kuchoma mafuta. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ipate joto la kuyawasha mafuta yenyewe. Dizeli nyingi hubana hewa kwa uwiano wa kati ya 15 na 20 kwa 1, wakati injini za petroli kwa kawaida huwa kati ya 9 na 12 kwa 1. Kuizungusha injini ya lita kumi au zaidi dhidi ya ubanaji huo, tena asubuhi ya baridi ya Makambako, kunataka stata yenye nguvu kubwa.

Hesabu yake ni fupi. Nguvu ya umeme ni volti mara ampea. Stata inayotumia kilowati 6 kwenye volti 12 ingevuta ampea 500. Kwenye volti 24 inavuta 250. Tena joto linalopotea kwenye waya hukua kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo mkondo ukipungua nusu, joto linabaki robo. Ndiyo maana watengenezaji wa malori wa Ulaya na Japani walichagua volti 24: waya unakuwa mwembamba kiasi, stata inapata nguvu yake, na taa za tela lililo mbali na betri haziwi hafifu.

Magari madogo yalifuata njia yao. Mengi yalikuwa na volti 6 hadi yalipohamia volti 12 katika miaka ya 1950, na huko yamebaki. Hata vichwa vikubwa vya malori ya Marekani hutumia volti 12, kwa kuunganisha betri kadhaa sambamba. Magari ya kijeshi ya nchi za NATO yako upande wa volti 24, na baadhi ya Toyota Land Cruiser za dizeli za zamani nazo zilitoka kiwandani zikiwa na volti 24. Lakini magari madogo ndiyo mengi duniani, na soko la vifaa vya gari hufuata wingi. Redio, feni, amplifaya na runinga zinazopangwa kwenye maduka ya Gerezani jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, nyingi ni za volti 12. Dereva wa Scania, Actros, Howo au Fuso ananunua kinachouzwa, kisha anatafuta namna ya kukiwasha.

Kebini ni nyumba

Wapo wamiliki wanaoona vifaa hivi kama anasa. Wangelifuata lori moja kutoka bandari ya Dar es Salaam wangebadili mawazo. Kutoka hapo hadi Tunduma, kupitia Chalinze, Morogoro, Mikumi, mteremko na mlima wa Kitonga, Iringa na Mbeya, ni zaidi ya kilomita 900. Mpakani kuna kusubiri. Baada ya Nakonde kuna Zambia nzima ya kuvuka, halafu foleni ya Kasumbalesa kabla ya kuingia Kongo kwenye shaba ya Katanga. Upande wa kaskazini, lori linalotoka Mombasa kwenda Kampala au Kigali lina Mariakani, Mlolongo, Naivasha na Malaba. Katika safari hizo dereva na utingo wake hulala, hula, huoga kwa ndoo na huugua hapohapo kwenye lori.

Simu ni ofisi yao. Ndiyo inayopokea maagizo ya kampuni, nyaraka za forodha, pesa ya mafuta na habari za nyumbani. Feni ndiyo inayowezesha usingizi katika joto la Ruaha Mbuyuni, ambako kufungua dirisha ni kukaribisha mbu na wezi. Friji ndogo huhifadhi chakula na maji, na wapo madereva wanaotumia dawa zinazotaka ubaridi. Mtu aliyelala vizuri ndiye atakayeshuka Kitonga salama na tani thelathini mgongoni. Anayedhani anabana matumizi kwa kumnyima dereva umeme anapandisha hatari ya mali yake na ya kila mtu aliye barabarani.

Kwa hiyo swali la kama dereva apewe umeme halina mjadala. Lililobaki ni utoke wapi.

Kinachotendeka ndani ya betri

Betri mbili za lori huungwa kwa mfululizo: chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine. Ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye chesisi tuiite betri ya chini. Ile ambayo chanya yake inakwenda kwenye stata tuiite betri ya juu. Kila moja ina seli sita, na seli iliyojaa ina volti 2.1 hivi. Betri moja iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6, na zote mbili pamoja 25.2.

Waya wa katikati huchukua umeme kutoka kwenye kiungo cha betri hizo mbili na kuurudisha kwenye chesisi. Maana yake, vifaa vyote vya kebini vinakula betri ya chini peke yake. Tuseme vifaa hivyo, kwa wastani, vinavuta ampea 5. Katika usiku wa saa nane betri ya chini imetoa ampea-saa 40. Lori likikaa foleni siku mbili bila kuwasha injini, imetoa 80. Kwa betri ya ampea-saa 150, hiyo ni zaidi ya nusu. Betri ya juu haijatoa kitu.

Sasa injini inawaka na alteneta inaanza kuchaji. Hapa ndipo madhara yanapoanza, na ndipo mafundi wengi wasipopatazama. Betri zilizoungwa kwa mfululizo hupitiwa na mkondo uleule mmoja. Haiwezekani kuipa ya chini ampea-saa 80 na kuiacha ya juu bila kitu. Kila kinachoingia kwenye moja kinaingia kwenye nyingine. Ni kama maksai wawili wa nira moja, mmoja akalimishwa peke yake usiku kucha, kisha asubuhi wote wawili wapimiwe chakula sawa kwa kipimo kilekile.

Regyuleta ya alteneta nayo haioni betri mbili. Inaona jumla, na jumla hiyo huwekwa kuwa volti 28 na ushei. Ikisoma 28.2 inaridhika. Lakini ndani ya jumla hiyo betri ya juu, ambayo ilikuwa imejaa tangu mwanzo, inaweza kuwa imepanda hadi volti 15, huku ya chini ikiwa 13.2. Volti 15 kwa seli sita ni 2.5 kwa kila seli, na kuanzia 2.4 hivi maji ya betri huanza kuvunjika kuwa haidrojeni na oksijeni. Betri ya juu inachemka, inapunguza maji, plati zake zinaliwa. Volti 13.2 nazo hazitoshi kuijaza betri ya chini kwa muda wa safari. Inabaki na njaa, na betri ya risasi inayokaa na njaa hujenga fuwele za salfeti kwenye plati zake. Fuwele hizo zikikomaa haziyeyuki tena, na ujazo wa betri hupungua moja kwa moja.

Betri mbili zinakufa kwa magonjwa yaliyo kinyume. Moja imeshibishwa kupita kiasi, nyingine imekondeshwa. Mita ya kwenye dashibodi wakati wote huo inaonyesha namba nzuri, kwa sababu 12.6 ukijumlisha na 12.0 ni 24.6, na hakuna dereva atakayeshtuka kwa kuona 24.6.

Ugonjwa huu huongezwa makali na tabia nyingine iliyozoeleka, ile ya kubadilisha betri moja tu, iliyokufa kwanza. Betri mpya ikifungwa mfululizo na kuukuu, zinaanza safari zikiwa tayari hazilingani, na kila chaji inaongeza pengo. Betri za lori hununuliwa kwa jozi: aina moja, ukubwa mmoja, umri mmoja.

Hatari iliyo nje ya betri

Hasara ya betri ni sehemu moja tu. Fikiria waya mnene wa chesisi kwenye betri ya chini umelegea kwa mtikisiko au umeliwa na kutu. Umeme uliopita kwenye taa na vifaa vya volti 24 vya lori unakosa njia yake ya kurudi betrini. Njia iliyobaki ni kupitia chesisi, kuingia kwenye redio kwa upande wa hasi, kutokea upande wa chanya na kushuka kwa waya mwekundu hadi katikati ya betri. Redio, feni na runinga zinapata umeme uliogeuzwa. Vingi huungua palepale, na fundi anayekuja hujiuliza vimeunguaje vyote kwa mpigo wakati havikuguswa.

Pia waya wa katikati kwa kawaida hufungwa bila fyuzi. Umetoka betrini, umepita karibu na ekzosi, umejipenyeza kwenye tundu la chuma kuingia kebini. Ganda lake likisuguliwa na ukagusa bodi, betri ya lori ina uwezo wa kusukuma mamia ya ampea ndani yake. Shaba hugeuka kaa la moto kabla dereva hajanusa moshi, na juu ya waya huo kuna godoro, mapazia na mtu aliyelala. Kwa malori ya mafuta, yenye mvuke unaolipuka, kuongeza waya wowote bila idhini na bila fundi aliyefundishwa magari hayo ni jambo la kukatazwa kabisa.

Haidrojeni inayotoka kwenye betri iliyochemka nayo haina mzaha. Ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja, na kuzungusha waya kwenye nati ya betri wakati vifaa vimewashwa ni kutengeneza cheche juu ya gesi hiyo.

Mwisho kuna gharama inayolipwa na watu ambao hawajawahi kupanda lori. Betri moja kubwa ina uzito wa karibu kilo 40, na sehemu kubwa ya uzito huo ni madini ya risasi. Inapokufa kabla ya wakati wake inakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na kutoka hapo kwenye tanuri. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua tanuri la namna hiyo hufanya nini likiendeshwa vibaya. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichokuwa karibu na nyumba zao kiliacha sumu ya risasi kwenye udongo na kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano ya kukifunga, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kuirefusha betri maisha ni kupunguza risasi inayohitaji kuyeyushwa.

Soma kibandiko kwanza

Habari njema ni kwamba vifaa vingi vya leo havihitaji kupunguziwa umeme. Chaja nyingi za simu zinazochomekwa kwenye soketi ya kiberiti zimeandikwa “12–24V”, na hizo hufanya kazi kwenye lori kama zilivyo. Taa nyingi za LED zinapokea kuanzia volti 10 hadi 30. Friji za kompresa za safari, zile zenye kompresa kama ya Danfoss BD35, hutambua zenyewe kama zimeungwa kwenye 12 au 24. Redio na feni za volti 24 zinauzwa pia, ingawa ni za kutafutwa. Kabla ya kununua, geuza kifaa na usome kibandiko. Kama kimeandikwa 12V peke yake, basi kwenye lori kinahitaji msaada.

Anayetaka inveta ya kutoa umeme wa nyumbani anunue ya volti 24 na aiunge kwenye betri zote mbili, kwa fyuzi yake. Inveta ya volti 12 iliyofungwa kwenye betri moja ndiyo mwuaji mkubwa kuliko wote. Ikilisha mzigo wa wati 300 inavuta ampea 25 hadi 28, na kwa saa nne tu imemeza ampea-saa 100 za betri ya chini.

Lipo pia kosa la kupunguza volti kwa kupitisha umeme kwenye balbu au rezista. Rezista haipunguzi volti kwa kiasi maalumu. Inapunguza kulingana na mkondo unaopita. Redio ikiwa kimya inapata volti nyingi, ikipandishwa sauti inapata chache, na siku moja inapata nyingi kuliko inavyoweza kubeba.

Konvata, kisawazishi au betri ya tatu

Njia ya kwanza na iliyo bora kwa malori mengi ni konvata ya volti 24 kwenda 12. Ni kisanduku kidogo cha alumini chenye mapezi ya kupozea. Kinachukua umeme wa betri zote mbili kwa pamoja na kutoa volti 12 hadi 13.8 zilizotulia. Vile vifaa vyetu vya ampea 5 kwenye volti 13.2 ni wati 66. Konvata nzuri ikipoteza sehemu ndogo kwa joto, itavuta wati 75 hivi, sawa na ampea 3 kutoka kwenye jozi. Kila betri imetoa kiasi kilekile, na alteneta ikianza kuchaji inazikuta zinalingana. Tatizo lote lililoelezwa hapo juu linatoweka.

Konvata ziko za aina mbili. Ya zamani hupunguza volti kwa kuzigeuza joto. Kwa mzigo wa ampea 10, kutoka volti 28 hadi 14, inatupa wati 140 kama joto, sawa na ilizozitoa. Ya kisasa hukata umeme na kuuachia maelfu ya mara kwa sekunde kisha huulainisha, na kwa kawaida hufikisha asilimia 85 hadi 95 ya ilichopokea. Ukiishika baada ya saa moja ya kazi ya kawaida, inakuwa vuguvugu tu. Nunua hiyo.

Ukubwa hupatikana kwa kujumlisha wati za vifaa vitakavyowaka kwa wakati mmoja, kisha kuongeza angalau robo. Wati 80 zinataka konvata ya ampea 10 inayotoa kiasi hicho muda wote. Angalia sana neno hilo. Konvata za bei ya chini huandikwa ampea za sekunde chache, na zikibebeshwa mzigo huo usiku kucha zinaungua. Iliyo bora ina kinga tatu: ya shoti, ya joto, na ya kujizima betri zinaposhuka ili lori lisikose nguvu ya kuwaka. Iwe pia na uwezo wa kuhimili mishtuko ya volti. Alteneta inayochaji kwa nguvu ikikatikiwa na betri ghafla, kwa nati iliyolegea kwa mfano, inaweza kurusha zaidi ya volti 100 kwenye mfumo wa 24 kwa sehemu ya sekunde.

Njia ya pili ni kisawazishi cha betri, kinachotumika sana kwenye mabasi. Kinaungwa sehemu tatu: chanya ya juu, katikati na hasi. Kazi yake ni kulinganisha nusu mbili muda wote, kwa kuchukua umeme wa betri ya juu na kuurudishia ya chini. Kwa kifaa hiki waya wa katikati unaruhusiwa, mradi mzigo usizidi uwezo wa kisawazishi na waya uwe na fyuzi. Kinafaa pale mizigo ya volti 12 inapopanda ghafla kwa muda mfupi.

Njia ya tatu ni kwa anayetaka friji na runinga kwa siku nyingi za foleni bila kuogopa kukwama: betri ya tatu ya volti 12 kwa ajili ya kebini tu, inayochajiwa na chaja maalumu ya 24 kwenda 12 injini inapowaka. Dereva akiimaliza, betri za kuwashia lori zinabaki salama.

Namna ya kufunga

Kifaa kizuri kikifungwa vibaya hakina maana. Weka konvata kebini, karibu na vifaa, mahali penye hewa, mbali na blanketi na nguo. Sababu ni hesabu. Kutoka betri hadi dashibodi, kwenda na kurudi, chukua mita 12 za waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5. Ukipitisha ampea 10 za volti 12 unapoteza volti 1.4 njiani, na redio inapata 11. Ukipitisha nguvu ileile kwa volti 24 unapoteza takriban nusu ya hiyo, na konvata inarekebisha kilichopungua. Umeme usafirishwe ukiwa 24, upunguzwe mlangoni mwa mtumiaji.

Fyuzi ikae karibu kabisa na unapochukuliwa umeme, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya, na kipande kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Upande wa kutoa nao uwe na fyuzi yake. Hasi ya konvata ifungwe penye chuma kilichokwanguliwa rangi, kwa nati iliyokazwa. Waya uwe wa shaba halisi. Upo unaouzwa ambao ndani ni alumini iliyopakwa shaba, na huo hupata joto na kukatika kwa mtikisiko. Popote unapopita kwenye tundu la chuma, uvalishwe mpira.

Umeme wa kuingia upitie swichi ambayo dereva anaweza kuizima, kwani konvata huendelea kunywa kidogo hata vifaa vikiwa vimezimwa, na kidogo hicho kwa wiki mbili za lori kulala yadi ni kingi. Fundi akianza kazi, aondoe hasi ya betri kwanza na kuirudisha mwisho. Na mtu akichomelea kitu kwenye chesisi, betri zitenganishwe na lori kabla ya cheche ya kwanza.

Mita ya mkononi inasema kweli

Hakuna haja ya kubishana kama waya wa katikati unadhuru. Kila mwenye lori anaweza kujionea kwa mita ndogo ya mkononi. Lori likiwa limelala bila kuwashwa, pima betri ya kwanza peke yake, kisha ya pili. Zikiwa nzima zitasoma 12.6 hivi zote mbili. Tofauti ya volti 0.2 si ndogo, kwani betri inayosoma 12.4 imeshapoteza karibu robo ya chaji yake, na ya 12.0 iko katika hali mbaya. Kisha washa injini, subiri, upime tena. Jumla iwe kati ya 27.6 na 28.8, na kila moja isome karibu na 14. Ukikuta moja ina 15 na nyingine 13, unautazama ugonjwa wenyewe.

Ukigunduliwa mapema, jozi inaweza kuokolewa. Tenganisha betri, uichaji ya chini peke yake kwa chaja ya volti 12 hadi ijae, ongeza maji yaliyosafishwa kwenye ya juu kama ni ya kuongezwa maji, kisha uziunge upya bila ule waya.

Nani alipe

Katika malori mengi vifaa vya kebini ni vya dereva mwenyewe, kwa pesa yake, na mwenye lori hataki kujua vinawakaje. Katika hali hiyo dereva atachagua kinachowaka kwa gharama ndogo, na hawezi kulaumiwa. Hakuna aliyemweleza, na betri si zake. Betri zinapokufa, wako wamiliki wanaomkata mshahara, na hasira inayobaki haimfundishi yeyote kitu.

Bei ya konvata ya ampea 10 ni ndogo ukiilinganisha na jozi ya betri, bila kutaja siku moja ya lori kukwama na mzigo. Mwenye lori akiinunua mwenyewe anapata haki ya kudai kwamba hakuna mtu atakayegusa kiungo cha katikati. Mafundi nao wana wajibu. Fundi anayejua anachofanya akiambiwa “nivutie tu waya kwenye betri moja” anapaswa kukataa na kueleza sababu, kama anavyokataa kufunga breki bila pedi. Na vyuo vinavyofundisha umeme wa magari, VETA kwa Tanzania na wenzao wa nchi jirani, vingetenda jema kuwapa wanafunzi zoezi hili kwa vitendo: betri mbili, mzigo kwenye moja, mita mkononi, wiki chache za kutazama.

Lori likitoka bandarini, konvata iwe kwenye orodha ya vitu vya kufungwa kabla ya safari ya kwanza, pamoja na jeki, kizima moto na pembetatu. Kwa malori ambayo tayari yako barabarani, mwenye mali aanze na mita. Apime betri ya kwanza, apime ya pili, na kama namba hazilingani aufuate waya wa katikati hadi unakoishia. Auondoe, na siku hiyohiyo amfungie dereva wake konvata, kwa sababu waya ukiondolewa bila kitu cha kuchukua nafasi yake, utarudishwa kwenye foleni ijayo.